Rangi ya Mimea Isiyochuja

Barua ziletwazo kwa ukurasa huu aghalabu huwa za namna mbili: za kuuliza mapishi na za kulalamikia bei. Juma hili imekuja ya namna ya tatu. Imetoka kwa mama mmoja wa Buguruni, ambaye pamoja na wenzake wanne walinunua jora la merikani, wakalikata vitambaa vya meza, wakashona mapindo kwa mkono, kisha wakavitia rangi wenyewe: vingine kwa unga wa manjano, vingine kwa maua ya rosela. Vilipendeza mno. Majirani walivigombania, na kikundi kikarudisha fedha yake na kupata ziada. Baada ya kufuliwa mara mbili vitambaa vikaanza kurudi kimoja kimoja. Vya manjano vilikuwa vimepauka. Vya rosela vilikuwa vimegeuka rangi ya maji yaliyooshea vyombo. Wanunuzi wanadai fedha zao, na fedha zenyewe zimekwisha kununua jora la pili. Mama huyu anauliza: je, rangi za mimea ni uongo, au ni sisi tusiojua?

Swali hili lastahili jibu refu, maana najua si yeye peke yake aliye na jora ndani na wadai mlangoni. Jibu fupi ni kwamba rangi za mimea si uongo, ila mimea miwili waliyoichagua ni miongoni mwa ile isiyofaa kabisa kwa pamba. Na hata wangalichagua mmea bora, kazi yao ingalichuja vilevile, kwa sababu walianzia katikati. Walianza na rangi. Kutia rangi huanza na kitambaa.

Tuanze na manjano. Kila apikaye mchuzi anajua jinsi unga huo unavyong'ang'ania vidole, na kwa hiyo ni rahisi kudhani kuwa ni rangi imara. Sivyo. Hushika upesi na kuondoka upesi. Adui wake wa kwanza ni jua: kitambaa cha manjano kikikaa dirishani majuma machache hupauka hata usikitambue. Adui wake wa pili ni sabuni. Ukitaka ushahidi, chukua tone la maji ya sabuni ya mche, lidondoshe juu ya kitambaa kilichotiwa manjano, nawe utaona doa jekundu la kahawia likitokea papo hapo. Rangi hiyo hugeuka kila ikutanapo na kitu chenye asili ya magadi. Sasa fikiri mama wa nyumba anayefua kwa sabuni ya mche na kuanika juani kila Jumamosi.

Rosela ni mbaya zaidi. Wekundu wake ni mzuri katika jagi la kinywaji, lakini kwenye pamba hubadilika na kufifia mara tu sabuni inapougusa, na kinachosalia hulika na jua. Bitiruti ndivyo ulivyo pia, ingawa ukimwagikia kanzu nyeupe siku ya karamu utaapa kuwa hautatoka milele. Doa na rangi ni vitu viwili. Doa hukaa pale usipotaka. Rangi sharti ikae pale utakapo, tena sawasawa kitambaa kizima, ifuliwe na kuanikwa mwaka baada ya mwaka.

Wala mama huyu asidhani kuwa yeye ndiye wa kwanza kushindwa na pamba katika pwani hii. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliandika habari za miji ya pwani ya Bahari ya Hindi. Juu ya Sofala, ambayo leo imo katika nchi ya Msumbiji, alieleza kuwa watu wake walilima pamba na kufuma nguo nyeupe kwa wingi, lakini ama hawakujua kutia rangi, ama hawakuwa na rangi zifaazo. Wakafanya jambo ambalo fundi yeyote wa leo angelistaajabia: walinunua nguo za buluu na za rangi nyingine kutoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma upya uzi ule wa rangi pamoja na uzi wao mweupe, na nguo hizo wakaziuza kwa dhahabu. Hawa hawakuwa watu wajinga wa nguo. Kule Kilwa wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata vigurudumu vya kusokotea uzi, vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu, dalili kwamba kusokota pamba kulikuwa kazi ya kawaida. Kufuma waliweza. Kilichowashinda watu wa Sofala ni kile kile kinachomshinda mama wa Buguruni, na walipendelea kufumua nguo nzima ya mgeni kuliko kuuza nguo ichujayo. Nafikiri kulikuwa na busara ya biashara katika uamuzi huo.

Rangi ya Cambay iliyotajwa kuwa ya buluu asili yake ni mnili. Nili ni mfalme wa rangi za mimea na ina tabia isiyofanana na ya nyingine. Haiyeyuki katika maji matupu. Sharti ichachushwe katika pipa hata igeuke rangi ya manjano yenye kijani, na nguo ikichovywa hutoka na rangi hiyo hiyo. Ikishakutana na hewa ndipo hugeuka buluu mbele ya macho yako. Haihitaji dawa ya kuishikiza. Kaniki ya bibi zetu ilikuwa pamba iliyotiwa nili tena na tena hata ikakaribia weusi, na huko Unguja ndiyo iliyokuwa nguo ya wanawake watumwa na maskini. Utumwa ulipoondolewa uhalali wake Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa huru wapya waliiacha kaniki na kuvaa kanga za rangi na maua, ili mtu asiwatambue kwa hali yao ya jana. Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 1897 kiwanda cha BASF cha Ujerumani kilianza kuuza nili iliyotengenezwa kwa kemikali, na mashamba ya mnili ya Bara Hindi yakaanza kufa. Njia ilikuwa imefunguliwa tangu 1856, pale kijana wa Kiingereza William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata badala yake rangi ya zambarau. Malaria haikupata dawa siku ile, lakini watia rangi wa dunia nzima walipoteza kazi.

Nayasema haya ili tusidanganyane. Rangi za viwandani zilishinda kwa sababu ni rahisi, ni nyingi, na zile bora hustahimili jua na sabuni. Sare ya shule ya mtoto usiitie maganda ya vitunguu. Wala usianze kazi hii ukitumaini kuwa itakuwa nafuu kuliko kununua kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi dukani. Malighafi yake ni takataka za jikoni, lakini inakula siku nne za muda wako na kuni au mkaa si haba. Inafaa kwa vitu vichache vinavyoshonwa kwa mkono na kutazamwa kwa karibu: foronya, vitambaa vya meza, mitandio, mifuko, na shuka la zamani ambalo weupe wake umekwisha lakini nguvu zake bado zipo.

Sasa kitambaa chenyewe. Nyuzi za sufu na hariri zimetoka kwa kondoo na kwa nondo, nazo hupokea rangi nyingi kwa ukarimu. Pamba ni mkaidi. Tetroni ndiyo haisemeshwi kabisa kwa rangi za mimea, kwa hiyo kabla ya yote hakikisha ulicho nacho ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa koleo na uzichome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini; tetroni huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu nyeusi.

Pamba ikiwa kweli pamba, bado ina nta na uchafu wa asili ndani ya nyuzi zake, hasa merikani mpya, ambayo pia ina wanga wa kiwandani. Kuifua kwa mikono hakutoshi. Itie katika sufuria kubwa yenye maji tele na magadi, kijiko cha chai kwa kila gramu 100 za kitambaa, uichemshe kwa moto wa wastani muda wa saa nzima au zaidi. Maji yatageuka rangi ya chai. Akina mama wengi hushtuka wakiyaona, kwa kuwa kitambaa kilikuwa cheupe na safi. Huo ndio uchafu ambao ungezuia rangi kuingia. Ikiwa maji yamekuwa meusi sana, yamwage urudie. Suuza vizuri.

Jambo la pili ndilo ambalo vikundi vingi hulikosa, na pengine mtu akikuuliza kwa nini nguo yake imechuja, unaweza kumjibu bila kuiona kuwa hakulifanya. Rangi nyingi za mimea hazina urafiki na pamba. Ukizichemsha pamoja, rangi hukaa juu juu kama maji juu ya jani la yungiyungi, ikingoja sabuni ya kwanza. Panahitajika washenga wawili. Mmoja ni ukakasi, ule uukazao ulimi ukila bibo au ndizi mbichi, ambao wataalamu huuita tanini. Wa pili ni shabu, lile jiwe jeupe linalouzwa katika maduka ya viungo, ambalo wazee walitumia kutuliza maji ya matope na vinyozi kufungia damu ya wembe. Ukakasi hupendana na pamba. Shabu hupendana na ukakasi. Na rangi hupendana na shabu. Ukiondoa mmoja, ndoa haipo.

Chumvi na siki, ambazo kila jirani atakushauri utie, hazifanyi kazi hii. Chumvi ina manufaa yake katika baadhi ya rangi za viwandani, na pengine hapo ndipo ushauri ulipoanzia. Kwa maganda na majani kwenye pamba haishikizi kitu.

Ukakasi utaupata bure. Maganda ya komamanga yaliyokaushwa ndiyo ninayoyapendelea: gramu 20 au 30 kwa kila gramu 100 za kitambaa, yachemshwe saa moja na kuchujwa. Asiye na komamanga atumie majani ya mpera, konzi kadhaa, au majani ya chai yaliyokwisha kutumika, mengi. Magome ya mkoko yana ukakasi mwingi kuliko hivi vyote, na zamani yalisafirishwa nje kutoka pwani hii kwa ajili ya kulainishia ngozi. Hata hivyo sikushauri uyatumie. Mti uliobanduliwa gome hufa, misitu ya mikoko imehifadhiwa kisheria, na hakuna kitambaa cha meza kinachostahili mti unaozuia bahari isile kijiji. Loweka kitambaa chako katika maji hayo yangali na moto, ukiache usiku kucha. Asubuhi kikamue bila kukisuuza sana.

Kisha shabu. Gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Mwombe mwenye duka akupimie vyote viwili kwenye mizani yake, kwa kuwa kukisia ndiko kunakofanya foronya mbili za jozi moja zitoke na rangi mbili. Isage, iyeyushe kwanza katika maji ya moto kidogo, uyamimine katika ndoo yenye maji ya kutosha kitambaa kuogelea. Kitambaa kinachobanwa hutoka na mabaka. Kigeuzegeuze nusu saa ya kwanza, halafu kiache usiku mwingine. Hapo umekwisha kutumia siku mbili na hujaona rangi yoyote; usikate tamaa, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Rangi ya kuanzia iwe maganda makavu ya vitunguu. Hayana gharama: mwombe muuza vitunguu sokoni akuachie yale yaliyobaki chini ya gunia, au zungumza na mama lishe wa karibu akuwekee ya juma zima. Yatafute ya uzito ulio sawa na wa kitambaa chako. Usishangae kuona gramu 100 za maganda zikijaza mfuko mkubwa, ni mepesi kama manyoya. Yachemshe muda wa saa moja, yachuje yote, kwa maana ganda likibaki humo litaacha doa mahali lilipogusa. Tia kitambaa kikiwa kibichi, si kikavu, uweke moto mdogo usiochemka kwa fujo, saa nzima, ukigeuza. Ondoa moto na ukiache humo hata kipoe chenyewe, ikiwezekana mpaka asubuhi. Utapata rangi ya dhahabu inayoelekea kwenye machungwa, na maji hayo hayo yatatosha kutia kitambaa cha pili rangi hafifu zaidi ya namna hiyo hiyo.

Ukiisha kuizoea hiyo, jaribu majani ya mwembe, ambayo hutoa manjano iliyotulia kuliko ya unga wa jikoni, au kokwa za parachichi. Hizi za parachichi ni za ajabu kidogo. Zikatekate, zichemshe polepole na uziache zilale usiku. Kutoka katika kokwa ya rangi ya kahawia hutokea waridi iliyofifia, nzuri kwa mtandio, na kwa kuwa zenyewe zina ukakasi mwingi zitashika hata kwa aliyekosa komamanga. Ama mdaa, ambao mizizi yake wafuma mikeka huitumia kutia weusi ukindu, huo ni wa miyaa zaidi kuliko wa pamba, nami nitauacha kwa wenyewe.

Mwenye kutaka rangi nzito atengeneze maji ya kutu. Misumari iliyopata kutu, siki na maji katika chupa isiyofunikwa kwa kukaza, majuma mawili. Vijiko viwili vya maji hayo katika ndoo, kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kikachovywa dakika chache tu, na dhahabu ya vitunguu itageuka kijani cha zeituni kilichokolea, na kilichokuwa na ukakasi mtupu kitageuka kijivu. Hapa zuia mkono. Chuma kingi hula pamba, na baada ya miezi nguo hupasuka yenyewe kwenye mikunjo.

Maneno machache juu ya vyombo, hasa kwa wenye watoto wadogo ndani. Sufuria ya rangi isirudi kupika ugali, wala mwiko wake. Debe la bati lenye kutu litakutia weusi usioutaka. Maji ya kisima chenye chumvi huvuruga rangi. Ya mvua ni bora. Kuna wanaoshauri kutumia mrututu ili kupata kijani: ni sumu, na jikoni si mahali pake. Usikubali hata ukipewa bure.

Narudi kwa wadai. Ukurasa huu hauna mamlaka ya kuhukumu, lakini umeulizwa maoni yake. Mnunuzi hakununua kitambaa cheupe. Alinunua kitambaa cha manjano, na hakipo tena. Kikundi kirudishe fedha, au, ikiwa zimekwisha kweli, kimwombe kila mnunuzi akilete kitambaa chake kitiwe rangi upya bila malipo. Hili la pili lawezekana kabisa, kwa sababu pamba haijadhurika. Ikichemshwa tena kwa magadi, mabaki mengi ya manjano na rosela yatatoka, na kazi itaanza mwanzo. Hasara ni ya muda na mkaa. Lile jora jipya lisikatwe hata shuka na foronya za wenyewe zimekwisha kufuliwa mara kumi na kuonekana.

Na kabla ya kuuza tena, wajaribu hivi. Kutoka katika kila sufuria ya rangi, kiwepo kipande cha ziada kinachoweza kukatwa vipande vinne vidogo. Cha kwanza kikae kabatini, gizani. Cha pili kibandikwe dirishani penye jua, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa gamba la boksi, majuma mawili. Cha tatu kifuliwe mara tano kwa sabuni ile ile ambayo mnunuzi ataitumia, si sabuni ya kistaarabu ya kuogea. Cha nne kisuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Kisha viwekwe pamoja mezani. Gamba la boksi likiondolewa na mstari ukaonekana wazi kati ya nusu mbili za kipande cha pili, mmea huo usiuzwe. Tofauti ikiwa ndogo, uzeni, mkimwambia mnunuzi waziwazi kwamba nguo hii hufuliwa kwa maji baridi, huanikwa kivulini, na itapungua rangi kidogo kadiri miaka ipitavyo. Maganda ya vitunguu ni ya daraja hilo la kati. Anayetaka rangi isiyopungua hata nukta atakwenda dukani, na ni haki yake.

Nimebakiwa na nafasi ya kusema juu ya sindano, nayo si haba. Barua inaeleza kuwa mapindo yalishonwa kwa mkono, na kwamba vitambaa vyote vilikuwa vya rangi moja bila pambo. Hapa kikundi kimeacha mali chini ya kitanda. Wayoruba wa Nigeria wana namna ya kutia nguo mapambo wanayoiita adire alabere, na neno hilo la pili limetokana na abere, yaani sindano. Kitambaa hushonwa bandi, uzi huvutwa hata kitambaa kikajikunja, kisha huchovywa katika nili. Palipobanwa rangi haipiti. Uzi ukitolewa, mistari myeupe hubaki mahali pa mishono, na sindano imekuwa kalamu.

Kwetu mkono huo upo. Aliyewahi kutazama kofia ya viua ikishonwa Unguja au Lamu anaijua subira yenyewe: vitundu vidogo vidogo hutobolewa, kila kimoja kikazungushiwa uzi, kwa majuma kadhaa, mpaka kofia moja ikamilike. Bandi ni rahisi mara mia kuliko hiyo. Mtoto wa darasa la nne huiweza.

Fanya hivi. Kitambaa kikiisha kupata ukakasi na shabu, kianike kikauke, ndipo ukichore kwa chaki mistari utakayo. Anza na mistari iliyonyooka, maua yatangoja. Tumia uzi wa nailoni au uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili, maana uzi mmoja hukatika wakati wa kuvuta na kazi yote ikapotea. Funga fundo kubwa mwanzoni. Shona bandi za nusu sentimita kufuata mstari, na mwisho wake uache uzi mrefu ukining'inia bila kufunga. Vaa subana, vidole vitakushukuru. Ukimaliza mistari yote, lowesha kitambaa, kisha vuta kila uzi kwa nguvu hata kitambaa kijikusanye kama pazia lililobanwa, na ufunge. Kazi hii ya kuvuta yahitaji watu wawili, mmoja akishika na mwingine akivuta; na hapo ndipo mazungumzo ya kikundi hunoga.

Katika rangi za kuchemsha, tofauti na nili, kitambaa hukaa muda mrefu na maji hupenya polepole, kwa hiyo usikiache usiku kucha kama nilivyosema juu. Dakika arobaini za moto mdogo zinatosha, kisha kitoe na ukisuuze kingali kimefungwa. Kata mafundo kwa ncha ya mkasi, ukiinua uzi na si kitambaa, kwa sababu hapa ndipo foronya nyingi zimetobolewa saa ya mwisho. Kifungue na ukianike kivulini. Mistari yako itakuwa ya vijino vidogo vyeupe vilivyopangana pande mbili za mshono. Ikitoka mipana na yenye ukungu, uzi haukukazwa vya kutosha. Ikitoka imekatikakatika, bandi zilikuwa ndefu mno, na kwa foronya ya pili zipunguze kwa nusu.